Kuku Aliyefichwa Nyumba ya Jirani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Garam alianza na kuku. Alivaa koti juu ya nguo za kulalia, akatumbukiza miguu kwenye viatu vya mpira vya bibi yake, akapita kando ya mitungi ya mchuzi wa soya iliyopangwa nyuma ya nyumba mpaka bandani. Wakati wa baridi kazi ya kwanza ilikuwa kuvunja barafu kwenye chombo cha maji. Halafu alimwaga pumba zilizochanganywa na majani ya kabichi, kisha akawahesabu kuku kwa sauti, kwa sababu Bibi alikuwa akimsikiliza kutoka jikoni.

"Tisa!"

"Wote wamesimama?"

"Wote, Bibi. Ila Bori amenikalia mguuni."

"Huyo siyo kuku, ni paka," Bibi alisema. "Njoo unywe supu, basi halitakungoja."

Bori alikuwa tetea mwenye manyoya ya rangi ya shayiri iliyoiva, na hiyo ndiyo maana ya jina lake. Hakuwa mtagaji hodari. Lakini Garam alimlea tangu akiwa kifaranga aliyekataliwa na mama yake, akampasha joto ndani ya kofia ya sufu kwenye sakafu ya chumba iliyopashwa moto kwa chini, na tangu siku hizo Bori alimfuata kila alikokwenda. Mama yake Garam alifanya kazi mjini Gwangju na kurudi Jumamosi. Magoti ya Bibi yalikuwa yamechoka. Kwa hiyo banda lote lilikuwa chini ya Garam, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Jumatatu moja ya mwezi wa Desemba, alipokuwa bado anakunywa supu yake, kipaza sauti cha kijiji cha Solgae kilikohoa.

"Haya, haya. Moja, mbili. Mnanisikia? Ni mimi mwenyekiti wenu, Tak. Mwenye mbwa mweupe amfunge kwanza, ananibwekea hapa. Sasa sikilizeni. Mafua ya ndege yamegunduliwa wilaya ya jirani, kwenye shamba la bata. Kuanzia leo hakuna kuku wala bata kutoka nje, hata kwa dakika moja. Bata mwitu wamejaa kule mabwawani, nao ndio wanaobeba ugonjwa. Ukiona ndege wako amezubaa, hali chakula, au amekufa, usimguse, usimzike, usimpike. Nipigie simu. Narudia, usimpike. Bibi Gapsun wa kule juu, nakusema wewe."

Garam alicheka mpaka supu ikampalia. Bibi hakucheka. Aliweka kijiko chini akatazama dirishani. Ng'ambo ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa yalionekana mabanda marefu meupe ya Baba Miru, mfugaji wa bata.

"Miaka mitatu iliyopita walizika bata wake wote siku moja," Bibi alisema. "Wagonjwa na wazima pamoja. Yule mtu alikaa barabarani kama mtoto aliyepotea. Garam, usilifungue hilo banda. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi."

Na kweli alisikia. Lakini kesho yake, Jumanne, aliporudi shuleni, jua lilikuwa limetoka na theluji imeyeyuka uani. Bibi alikuwa amekwenda nyumba ya wazee kucheza karata na wenzake. Kuku walikuwa wamejazana kwenye wavu, wakigongagonga waya kwa midomo, na Bori akilia kilio kile chembamba alichokuwa nacho tangu utotoni. Walikuwa hawajatoka siku mbili. Garam alitazama juu. Anga lilikuwa jeupe, halina hata ndege mmoja.

"Dakika kumi tu," alimwambia Bori. "Mkimaliza mnarudi."

Akafungua.

Kuku walitawanyika wakifurahi, wakaanza kuparuapara chini ya mti wa matunda wa mpersimoni. Garam akachuchumaa kwenye ngazi ya jikoni, akatoa simu yake. Hakuona kitu kikija. Alisikia tu mvumo kama wa shuka inayokung'utwa, kisha kelele. Alipoinua macho, mwewe alikuwa juu ya mgongo wa Bori, mabawa yameufunika mwili wake wote, kucha zimezama ndani.

Garam alipiga ukelele, akachukua ufagio, akaenda mbio huku akiupunga hewani. Mwewe hakumwogopa mara moja. Alimkazia jicho la manjano, kana kwamba yeye Garam ndiye mgeni pale. Ufagio ulipompiga bawani ndipo alipoachia, akapaa kuelekea mabwawani.

Kuku wengine walikuwa wamekwisha kukimbilia bandani. Garam alifunga komeo, kisha akarudi kwa Bori. Alikuwa amelala ubavu, manyoya yametapakaa kila mahali. Kutoka chini ya bawa mpaka karibu na mkia ngozi ilikuwa imechanika na kufunuka, nyama nyekundu inaonekana. Alikuwa hai. Moyo wake ulipiga haraka mno chini ya vidole vya Garam.

Hapo ndipo hofu ilipoingia. Mwewe hula bata mwitu. Bata mwitu ndio wanaobeba ugonjwa. Na zile kucha zilikuwa zimeingia ndani ya mwili wa Bori. Akimwambia Bibi, Bibi atamwambia Mwenyekiti. Mwenyekiti atapiga simu, na watu wenye mavazi meupe watakuja na magunia. Watawachukua wote tisa. Na wakishamaliza hapa, wataangalia ng'ambo ya mashamba.

Hakuwaza zaidi. Alimfunga Bori ndani ya skafu yake, akapita kwenye pengo la ukuta wa mawe, akaingia kwenye nyumba ya jirani iliyokuwa tupu tangu mwenyewe ahamie kwa mwanawe mjini. Alipata kasha la machungwa, akalitandika nguo kuukuu. Alirudi nyumbani akatia chumvi kwenye maji ya vuguvugu, akachukua marhamu ambayo Bibi alijipaka akiungua jikoni. Alimsafisha Bori kwa mikono mitupu, akilia kimyakimya. Kisha akayaokota manyoya uani, moja moja, akayatia mfukoni.

Jioni ile Mwenyekiti Tak alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, barakoa imening'inia chini ya kidevu.

"Bibi, una kuku wangapi?"

"Muulize bosi wao," Bibi alijibu, akimwonyesha Garam kwa kidevu.

"Tisa," alisema Garam.

"Wote wazima? Wanakula vizuri? Hakuna aliyetoka nje?"

Bibi alikuwa akimtazama kwa macho ya kumwamini kabisa. Hayo ndiyo yaliyomfanya ashindwe kurudi nyuma.

"Wazima. Hakuna aliyetoka."

Mwenyekiti aliandika. "Laiti kila nyumba ingekuwa na msichana kama huyu," alisema akiondoka. Garam alikwenda kunawa mikono, akanawa mara tatu, lakini akahisi bado ina kitu.

Asubuhi ya Jumatano alihesabu kwa sauti mpaka tisa, ingawa mbele yake walikuwa wanane. Kisha akapita kwenye pengo la ukuta. Bori hakusimama. Mchele aliomwekea ulikuwa vilevile. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa harufu, na upanga wake wa kichwani, uliokuwa mwekundu kama pilipili, sasa ulikuwa umepauka na ncha zake zinaelekea kuwa nyeusi. Garam alikumbuka picha aliyoiona kwenye bango la shule: kuku mwenye upanga mweusi, na chini yake maneno ya kutisha.

"Usife," alimnong'oneza. "Tafadhali, Bori. Ukifa watajua."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe aliona aibu. Alimmiminia maji yenye sukari mdomoni kwa kijiko, matone yakamrukia usoni, akajifuta kwa mkono wa koti. Honi ya basi la shule ikalia barabarani, akakimbia.

Ndani ya basi rafiki yake Miru alikuwa amemwekea nafasi kama kawaida. Lakini uso wake haukuwa wa kawaida.

"Baba amesema usije kwetu mpaka hili liishe," Miru alisema. "Siyo kwamba anakuchukia."

"Najua."

"Hataki mtu yeyote. Hata mjomba alimfukuza getini. Amehamia kwenye kibanda cha mlangoni, analala na viatu. Kila gari likipita anatoka kulimwagia dawa. Jana alimmwagia dawa tarishi!" Miru alijaribu kucheka, kicheko kikakatika. "Garam, mara ile nilizisikia. Sauti za bata. Nilijifunika mito miwili kichwani lakini nilizisikia. Ikitokea tena, Baba amesema hataanza upya. Tutahama."

Miru alitoa mkobani mwake kiazi kitamu cha kuchoma kilichokuwa bado cha moto, akakivunja, akampa nusu. Vidole vyao viligusana. Miru akalamba utamu ulioganda kidoleni mwake.

Hapo ndipo Garam alipokumbuka. Mkono wake mwenyewe ulikuwa haujaoshwa. Mkono ule ulitoka moja kwa moja mdomoni mwa Bori. Na jioni ya leo Miru atarudi nyumbani, atapita kwenye lile geti ambalo baba yake analilinda usiku na mchana, na hakuna dawa itakayomwagwa kwenye ulimi wake.

"Mbona huli?" Miru aliuliza. "Ukikiacha nakila mimi."

"Usile! Kimeanguka," Garam alidanganya, akakitupa chini ya kiti.

"Wee! Kiazi changu!"

Siku nzima shuleni Garam hakusikia kitu alichofundishwa. Kila Miru alipokohoa, aligeuka kumtazama. Mchana yeye mwenyewe alianza kusikia baridi mgongoni. Jioni koo lilikuwa likimwasha, na alipokwenda kumtazama Bori, miguu ilikuwa mizito kama imefungwa mawe. Bori alifumbua jicho moja, akalifumba. Garam alikaa karibu naye kwenye sakafu baridi ya nyumba ile isiyo na watu, akiwaza kwamba sasa wote wawili wana ule ugonjwa.

Alhamisi hakuweza kuamka. Mwili uliwaka. Bibi alimgusa kipaji cha uso, akashtuka, akamfunika blanketi la pili.

"Leo huendi shule. Ni baridi tu hii, unatoka nje bila skafu. Skafu yako iko wapi, kwani?"

Garam aligeukia ukutani. "Bibi, usinikaribie. Kaa chumba kingine."

"Nikae chumba kingine niwe mpangaji? Nyamaza."

Bibi aliondoka, akarudi na bakuli la uji wa mchele unaofuka mvuke. Alikaa chini taratibu kwa ajili ya magoti, akachota kijiko, akampa Garam. Garam alimeza kwa shida. Uji ulikuwa wa moto. Bibi akachota tena, na kama alivyofanya tangu Garam akiwa mdogo, akakipeleka kijiko kile kile kinywani mwake mwenyewe kuonja kama uji umepoa.

"Usile, Bibi!"

Garam aliruka akakipiga kijiko kikaruka mpaka mlangoni. Bakuli likapinduka. Uji ukatiririka sakafuni.

"Mtoto huyu ana wazimu?"

"Ninao, Bibi! Ninao ule ugonjwa! Nililifungua banda. Mwewe alimkamata Bori, nikamficha. Nilimdanganya Mwenyekiti. Nilikudanganya wewe. Bori anakufa, na mimi nitakufa, na wewe umeshalamba kijiko, na Miru..." Hakuweza kuendelea.

Rangi ilimtoka Bibi usoni. Kwa mara ya kwanza maishani Garam alimwona bibi yake akiogopa, na hilo lilimtisha kuliko homa. Mikono mikavu ya Bibi ilishika ukingo wa blanketi, ikauachia, ikaushika tena.

"Yuko wapi?" Bibi aliuliza mwishowe.

"Nyumba ya jirani. Chumba cha nyuma."

"Tangu lini?"

"Juzi."

Bibi alifumba macho. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa imetulia. Alichukua simu yake, akabonyeza namba ya Mwenyekiti, akaiweka mkononi mwa Garam.

"Mimi siwezi kukusemea, maana mimi sikuona. Sema wewe. Sema yote."

Simu ililia mara mbili. "Tak hapa. Bibi, kuna nini?"

"Ni mimi, Garam." Bibi alimshika bega. "Mwenyekiti, nilikudanganya juzi. Kuku wetu mmoja ni mgonjwa sana. Alitoka nje. Mimi ndiye niliyemtoa. Na mimi nina homa."

Upande wa pili kiti kilisukumwa kwa nguvu.

"Usitoke ndani," Mwenyekiti alisema. Hakukuwa na mzaha wowote katika sauti yake. "Mtu yeyote asitoke."

Kabla ya saa moja kupita, gari jeupe lilisimama nje. Garam alichungulia dirishani. Watu wawili walishuka wakavaa mavazi meupe toka kichwani mpaka miguuni, miwani mikubwa, glavu mbili mbili. Walimwaga chokaa mlangoni mpaka ardhi ikawa nyeupe, wakafunga kamba ya manjano kwenye lango. Mmoja wao akaja dirishani, akasema kwa sauti ya kike iliyosikika kwa mbali ndani ya barakoa.

"Wewe ndiye Garam? Mimi ni Daktari Hyeon, daktari wa mifugo wa wilaya. Nionyeshe kwa kidole nyumba yenyewe. Umemgusa kwa mikono mitupu?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Sikumbuki. Nyingi."

Daktari alitikisa kichwa akaenda. Baadaye akaja muuguzi wa kituo cha afya, akamtia Garam kijiti cha pamba puani mpaka machozi yakamtoka, akamfanyia Bibi vilevile. Mwishowe Daktari Hyeon alirudi dirishani.

"Kipimo cha haraka cha kuku hakikuonyesha ugonjwa," alisema. Bibi alianza kushukuru, daktari akainua mkono. "Bado, Bibi. Kipimo cha haraka hukosea. Nimepeleka sampuli za kuku wote maabara, jibu ni kesho. Mpaka hapo hakuna kuku atakayeuawa, na hakuna mtu atakayetoka."

"Na Bori?" Garam aliuliza.

"Nimempa dawa na joto. Ana usaha mwingi. Sitaki kukuahidi kitu."

Hazikupita dakika nyingi, mtu akaja mbio kupitia katikati ya mashamba. Alikuwa Baba Miru, na buti zake za shambani. Alifika kwenye kamba akasimama kana kwamba inawaka moto.

"Garam!" aliita. "Garam! Mwanangu jana alikaa na wewe?"

Bibi alitaka kujibu, lakini Garam alikuwa amekwisha kufungua dirisha kidogo.

"Ndiyo, Baba Miru. Tuligawana kiazi kimoja. Nilikuwa sijanawa mikono."

Baba Miru alishika kichwa kwa mikono miwili. Hakutukana. Garam alitamani angetukana. Aligeuka akarudi alikotoka, si kwa mbio tena, na nusu ya njia alisimama katikati ya shamba kana kwamba amesahau anakokwenda.

Usingizi haukumjia Garam vizuri. Kila alipofumba macho alisikia bata, ingawa hakukuwa na sauti yoyote. Bibi alikataa kuhama chumba. Alilala upande wa pili, barakoa usoni, akisema kwamba kama ni kulamba kijiko ameshalamba, hakuna haja tena ya kujifanya mgeni.

Ijumaa ilikwenda polepole. Mama alipiga simu kila saa kutoka Gwangju. Saa ya mchana ilipita, jibu halijaja. Bibi alikaa na simu mapajani, akiitazama kama chungu kinachokaribia kufurika. Ilipolia, aliiangusha, Garam akaiokota.

Alikuwa Daktari Hyeon. "Garam, kaa chini. Umekaa? Hakuna. Kuku wote tisa hawana ugonjwa. Na kituo cha afya wameniomba nikuambie kwamba wewe na bibi yako pia hamna. Una mafua ya kawaida ya watoto wa shule, yale yaliyolaza nusu ya darasa la nne. Nakuja kumshona kuku wako."

Garam hakuruka wala kushangilia. Alilia tu, kichwa kwenye mapaja ya Bibi, na Bibi akampapasa nywele akisema, "Haya. Haya, basi. Haya."

Kamba ilifunguliwa saa tisa alasiri. Daktari Hyeon bila vazi lake jeupe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele fupi na mikono mikubwa. Alimweka Bori juu ya meza uani, akampa Garam barakoa na glavu.

"Shika hapa. Usimbane, ataishiwa pumzi. Mfunike macho na kitambaa, akiwa gizani hutulia. Maji ya chumvi ulifanya vizuri. Marhamu ya kuungua hukufanya vizuri, yalifungia uchafu ndani. Unaona?" Alikata manyoya yote kuzunguka kidonda, akakamua, akakata nyama iliyokufa, akaosha, akaosha tena. "Angekuja kwangu Jumanne ingekuwa kazi ya robo saa. Sasa sijui. Ule weusi kwenye upanga ni damu iliyompungua na baridi ya ile nyumba."

Sindano iliingia na kutoka. Bori hakulia. Garam alihesabu nyuzi kumi na nne.

"Sasa umtenge na wenzake," daktari alisema akivua glavu. "Siyo kwa sababu ya ugonjwa. Kuku wakiona damu hudonoa, hata kama ni ndugu yao. Mpaka ngozi ifunge na manyoya yaanze kuota. Na ukimgusa, glavu, kisha sabuni. Siku atakapokula mwenyewe, nipigie."

Bori alikula mwenyewe siku ya Jumapili, punje tatu za mchele, mbele ya Bibi, Garam na Mama, ambao walikuwa wamekaa kumzunguka kimya kama watu walio hospitali. Baada ya wiki upanga wake ulianza kurudia wekundu.

Lakini kabla ya hapo, Ijumaa ileile, gari la daktari lilipokuwa bado linageuza, Baba Miru aliingia langoni. Garam alipomwona alijificha nyuma ya Bibi.

"Toka," Bibi alimwambia. "Hukujificha jana dirishani, usijifiche leo."

Garam alitoka akainama mpaka kiunoni. "Nisamehe, Baba Miru. Nilifungua banda. Nilidanganya. Ungepoteza bata wako kwa sababu yangu."

"Ningewapoteza," Baba Miru alisema. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni bila kukaribishwa, akavua kofia. "Jana nilikuwa na maneno makali ya kukuambia. Niliyapanga njia nzima. Ukafungua dirisha ukasema habari ya kile kiazi, wakati ungeweza kunyamaza na nisingejua kamwe. Maneno yakanikwama."

Alizungusha kofia mikononi.

"Miaka mitatu iliyopita, asubuhi moja, nilikuta bata sita wamelala chali. Nilijua, Garam. Moyoni nilijua. Nikajiambia ni baridi, ngoja nione kesho. Kesho yake walikuwa mia mbili, ndipo nikapiga simu. Lakini katikati hapo gari la chakula lilikuwa limeingia kwangu, likatoka, likaenda kwa Mzee Ma, yule wa karibu na msitu wa mianzi. Naye akazika kuku wake wote. Watu walisema ni bahati mbaya. Mimi sikuwahi kusema kitu."

Bibi aliweka mkono mdomoni.

"Nilikuwa na miaka arobaini na miwili," Baba Miru aliendelea. "Wewe una kumi na miwili, na ulipiga simu siku ya tatu. Basi nisikilize. Kuogopa utaogopa tena, sisi sote tunaogopa. Ila ukikosea, au ukiona ugonjwa, kwa mnyama au kwa mtu, mtafute mkubwa siku ileile umwambie. Usiseme kesho. Uongo wako haumtibu mgonjwa, unampa ugonjwa nafasi ya kwenda kwa jirani. Na ukikatazwa jambo kwa ajili ya afya, lishike hata kama unamhurumia kuku. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Baba Miru."

"Ngoja nikuletee chai," Bibi alisema. "Umekonda."

"Siku nyingine, Bibi. Asante." Alisimama akavaa kofia yake, akaikaza vizuri kichwani kama mtu anayejitayarisha kwa upepo. "Nina mtu wa kuzungumza naye, na nimechelewa miaka mitatu."

Garam na Bibi walimsindikiza mpaka langoni. Baba Miru hakushika njia ya kuelekea kwenye mabanda yake meupe. Alipinda kulia, akapanda kilima polepole kuelekea msitu wa mianzi, mpaka wakamwona amesimama mbele ya lango la Mzee Ma, na amevua kofia tena.